Chumba cha Cherehani Nacho Kiulizwe

Katika majalada ya wagonjwa wa nje, mbele ya neno "kazi", huandikwa maneno mawili tu: fundi nguo. Baada ya hapo kalamu huhamia mstari mwingine. Mgonjwa huondoka na vidonge vya maumivu ya mgongo, au matone ya macho, au chanjo ya pepopunda, kisha hurudi katika chumba kilekile kilichomleta. Miezi mitatu baadaye yupo tena kwenye benchi. Mtoa huduma aliyempokea hakukosea dawa. Alichokosa kufanya ni kuuliza chumba hicho kimekaaje.

Upungufu huu una umri mrefu. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, akawasihi waganga wenzake waongeze swali moja katika yale waliyoyarithi tangu enzi za Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Mafundi nguo hakuwasahau. Aliandika juu ya ganzi ya miguu na mwendo wa kuinama uliowapata kwa kukaa siku nzima wamekunja miguu wakishona. Zaidi ya miaka 300 imepita. Swali la Ramazzini limeingia katika fomu za hospitali, lakini limeingia nusu. Kujua kazi ya mtu bila kujua mahali anapoifanyia ni sawa na kuambiwa mgonjwa ana homa, kisha usiweke kipimajoto.

Mtu akishuka kwenye daladala Buzuruga, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, hatatembea mbali kabla ya kusikia mlio wa cherehani. Ipo iliyowekwa barazani chini ya mwavuli, ipo ya sebuleni katika nyumba ya kupanga, na zipo mbili au tatu zilizobanana ndani ya fremu moja ya duka. Fremu ya namna hiyo huwa na mlango mmoja wa chuma, na mara nyingi haina dirisha. Ndani mna cherehani ya miguu, pengine na ovaloki ya umeme. Meza ya kukatia ambayo pia ni meza ya kupigia pasi na ya kulia chakula cha mchana. Mifuko ya vitenge vya wateja. Gunia la mabaki. Kopo la vifungo. Pasi ya mkaa inayosubiri siku umeme utakapokatika. Kwa mafundi wengi ambao ni akina mama, mna pia mtoto aliyelazwa juu ya vipande laini chini ya meza. Hiyo ni karakana, ghala, duka na mahali pa kulea mtoto kwa wakati mmoja, katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa hatua nne.

Ukisema chumba kama hicho kipangwe, msikilizaji hudhani unazungumzia sura yake. Kosa hilo lipo kwa maofisa, kwa wateja na hata kwa baadhi ya watumishi wa afya wanaopita mitaani kuhimiza usafi. Hukagua mbele ya mlango. Takataka zikiwa zimefagiliwa na nguo zimetundikwa vizuri, hutikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zao. Lakini unadhifu unaoonwa na mpita njia na mpangilio unaomlinda aliye ndani ni vitu viwili, na wakati mwingine hupingana. Fundi hodari wa kupanga anaweza kurundika mifuko yote ya wateja nyuma ya mlango ili sakafu ibaki wazi. Chumba hupendeza, na njia pekee ya kukimbilia moto ukizuka imeshazibwa. Anaweza kuwa na rafu safi ya chupa zilizopangwa kwa kimo, na katika mojawapo, iliyokuwa ya maji ya kunywa, akaweka mafuta ya taa ya kuondolea madoa ya grisi kwenye kitambaa.

Chupa hiyo inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo jambo dogo kuliko yote katika chumba cha fundi na ndilo linaloweza kuua upesi. Mafuta ya taa, petroli na mafuta mepesi ya cherehani hayamdhuru mtoto hasa kwa kuingia tumboni. Humdhuru kwa kuteleza kwenda mapafuni wakati anapoyameza, anapopaliwa au anapotapika. Tone chache zikifika huko huunguza tishu za ndani, na mtoto huanza kukohoa, kupumua kwa kasi na kuvuta mbavu. Kinachofuata nyumbani kwa kawaida ndicho kinachoongeza madhara: mtu mzima, kwa nia njema kabisa, humtia mtoto kidole kooni atapike, au humnywesha maziwa mengi "kuikata sumu". Maziwa hayakati chochote hapo. Hujaza tumbo na kukaribisha matapishi, na matapishi ndiyo yanayorudisha mafuta kwenye njia ya hewa. Anayefaa ni bodaboda wa kumkimbiza mtoto kituoni, akiwa ameketishwa wima, nguo zilizolowa zimevuliwa na ngozi imeoshwa kwa sabuni. Kituoni, mtumishi asiingize mpira wa kuosha tumbo. Apime pumzi na oksijeni, asikilize mapafu, na hata kama mtoto anacheza asimruhusu kabla ya angalau saa 6 kupita, kwa sababu dalili za mapafu huweza kuchelewa.

Yote hayo huepukwa kwa kibandiko na msumari. Mafuta yakae katika kopo lake la asili, au katika chombo ambacho hakuna mtoto anayekijua kuwa cha kinywaji, kiandikwe, kitundikwe juu kuliko kimo cha mtu mzima. Mafuta ya cherehani huuzwa katika vichupa vidogo na bei yake ni ya kawaida. Hakuna sababu ya kununua mengi na kuyahamishia katika chupa ya soda.

Jambo la pili ni sindano. Hapa watumishi wa afya wana la kuwafundisha mafundi, kwa kuwa chumba cha upasuaji na chumba cha cherehani ni ndugu wa karibu: sindano, uzi, mkasi, kitambaa, taa, na mtu aliyeinama anayehesabu dakika. Mwaka 2009 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya kujaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani katika hospitali 8 za miji 8. Mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja. Haina mashine wala dawa mpya. Miongoni mwa mambo yaliyomo, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi hutamka kwa sauti kwamba hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano imetimia.

Hakuna kinachomzuia fundi wa Buzuruga kufanya vivyo hivyo kabla ya kuteremsha mlango jioni. Sindano za mkono zisitawanywe kwenye ukosi wa gauni lake, kwenye pazia na kwenye ukingo wa meza. Zote zikae katika mto mmoja wa pini, na idadi yake iandikwe kwa chaki ukutani. Zikiwa 7 asubuhi, ziwe 7 jioni. Ikikosekana moja, itafutwe kabla ya mtoto kutambaa tena sakafuni. Sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, ikifungwa kwenye mti na kupitishwa sakafuni, huokota pini ambazo ufagio huzisukuma tu kwenye nyufa za sementi. Na sindano ya cherehani ikivunjika, vipande vyake vikusanywe na kuunganishwa mezani hadi sindano nzima ionekane. Viwanda vya nguo vinavyouza nje hulazimishwa kufanya hivyo, na fundi haruhusiwi kupewa sindano mpya kabla ya vipande vyote vya ile ya zamani kupatikana; sababu yao ni mnunuzi asije akachomwa na shati jipya. Sababu ya fundi wa mtaani ni ya karibu zaidi: kipande kisichoonekana mezani huenda kimo kidoleni mwake.

Jeraha hilo linafahamika vizuri. Kitambaa kizito cha sare kinavutwa, kidole kinafuata, sindano inapita katikati ya ukucha. Fundi hukichomoa kidole kwa nguvu, sindano inakatika, damu inafutwa kwa kipande cha kitambaa kilichookotwa chini, na kazi inaendelea. Njia sahihi ni ya utulivu zaidi: kuondoa miguu kwenye kanyagio au kuzima swichi, kuzungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ipande, kutoa kidole, kukiosha kwa maji mengi na sabuni, kisha kuikagua sindano. Ikiwa haijatimia, ni safari ya kwenda kupiga picha ya eksirei, kwani chuma huonekana vizuri humo, na mfupa wa ncha ya kidole uliovunjika nao huonekana. Mtumishi wa afya asichimbe kidole akitafuta kipande bila picha. Kuchimba gizani hukisukuma ndani zaidi. Sindano iliyomchoma fundi mmoja itupwe, isiachwe kwenye mashine kwa ajili ya fundi wa zamu ya mchana.

Kisha lije swali la pepopunda, na hapa utumishi wa afya hauna budi kujitazama. Akina mama wengi hupata chanjo hiyo wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Wanaume hawana kliniki ya namna hiyo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Mwanamume aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuchanjwa kabisa utotoni, na aliyezaliwa baadaye huenda hajaongezewa dozi tangu akiwa mtoto. Mafundi nguo wanaume wenye mvi, ambao ni wengi katika mabaraza ya Mwanza, wako katika kundi hilo. Kumfungia fundi kidole na kumwacha aende bila kumuuliza chanjo ni kazi iliyofanywa nusu, hata kama bendeji imefungwa kwa ustadi.

Mtoto aliye chini ya meza ndiye anayewafanya washauri wengi wa afya watoe ushauri rahisi: asiletwe kazini. Ushauri huo hutolewa na watu wenye mishahara na wasaidizi wa nyumbani. Mama anayelipwa kwa gauni moja moja hana mahali pengine pa kumwacha, na kumnyonyesha hapohapo ni afya kwa wote wawili. Suala si kumwondoa, ni kumhamisha mita moja. Chini ya meza ya cherehani ya miguu kuna gurudumu, mkanda na kanyagio, na vidole vidogo huingia kwenye vitu hivyo kwa sababu vinazunguka na vinavutia. Kwa juu yake kuna ukingo ambao pini na vifungo huanguka. Mtoto wa mwaka mmoja hujua ulimwengu kwa mdomo. Kifungo cha shati kinatosha kuziba njia yake ya hewa, na mfuko laini wa plastiki unatosha kumfunika uso. Kona iliyo mbali na mashine, yenye mkeka na kizuizi cha mbao au hata viti viwili vilivyolazwa, ni kitanda chake. Pawe mahali mama anapoweza kumwona bila kugeuka, maana akilazimika kugeuka atageuka wakati sindano inakwenda. Vifungo na zipu viwe katika makopo yenye vifuniko vya kusokota, si kwenye sahani.

Na jambo moja kwa mafundi wenyewe, wa kike kwa wa kiume: pini zisishikwe kwa meno. Kikohozi, kicheko au salamu ya ghafla kutoka mlangoni inatosha. Pini iliyoingia kwenye bomba la hewa hailetwi na kikohozi cha pili. Huhitaji daktari bingwa, kifaa maalumu na dawa ya usingizi, na wenye vifaa hivyo ni wachache katika Kanda ya Ziwa yote. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inahudumia mikoa kadhaa inayolizunguka ziwa. Foleni yake haina haja ya kuongezewa mtu aliyemeza pini ya shilingi chache.

Pasi ya mkaa huletwa ndani siku za mvua, kwa sababu barazani panalowa. Mlango huegeshwa kwa sababu maji ya mteremko huingia. Umeme umekatika, kazi ya mteja ni ya kesho. Katika mazingira hayo hewa ya kaboni monoksidi hujikusanya bila harufu wala rangi, na mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, ule usiotoa moshi ambao fundi hudhani hauna hatari, nao huitoa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Jijini Mwanza dalili hizo zina jina moja mdomoni mwa kila mtu, nalo ni malaria. Fundi huja kituoni jioni, hupimwa, hakutwi na vimelea, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu na kurudi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakisaidii hapa, kwa kuwa vifaa vya kawaida haviwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi; namba inaweza kuwa nzuri huku mgonjwa ana hali mbaya. Kinachoweza kumkamata mtuhumiwa ni maswali tu: ulikuwa wapi maumivu yalipoanza, kulikuwa na jiko au pasi ya mkaa, na wenzako wa chumba hicho nao vichwa vinawauma? Watu watatu wa fremu moja hawaanzi malaria alasiri moja. Kwa mjamzito swali hilo lisisubiri hata kidogo, kwani hewa hiyo huvuka kondo la nyuma, na mtoto aliye tumboni huathirika huku mama yake akilalamika kichwa tu.

Dawa ya chumba hicho ni kuwashia mkaa nje, kupigia pasi karibu kabisa na mlango uliofunguliwa wazi, na kuirudisha pasi nje mara nguo inapokwisha. Hiyo ina maana meza ya pasi ipangwe mlangoni na meza ya kukatia ndani, wakati mafundi wengi hufanya kinyume, kwa sababu mteja hupenda kuona nguo zikikatwa. Gunia la mabaki nalo likae upande usio na pasi, litolewe kila wiki. Vipande vya kitambaa cha sintetiki huyeyuka vinapowaka na kunata kwenye ngozi, hivyo jeraha lake huwa la kina. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali ya jikoni, unga na mafuta ya kupaka visikaribie jeraha hilo.

Kuhusu mgongo na macho mengi yamekwisha kusemwa na wengine, hivyo machache yatatosha. Stuli isiyo na egemeo iliyo chini mno humfanya fundi anyanyue mabega siku nzima. Godoro chakavu lililokunjwa juu yake huweza kumpandisha hadi viwiko vilingane na meza. Vitu vinavyoshikwa kila dakika, yaani mkasi, chaki, futi ya kupimia na bobini, vikae mahali mkono unapofika bila kiwiliwili kupinda. Vinavyoshikwa mara moja kwa siku vikae mbali, ili fundi alazimike kusimama. Huo ni mpangilio unaoonekana wa ajabu kwa mtu anayependa kuweka kila kitu karibu, lakini kusimama huko ndiko kunyoosha mgongo anakoandikiwa hospitalini na asikokufanya.

Macho yana habari njema isiyosambazwa ipasavyo. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na tundu la sindano hupotea kwanza. Utafiti uliofanywa Kongwa, Dodoma, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa umri huo walikuwa na tatizo la kuona karibu. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani ya kusomea watu wa kazi zinazohitaji kuona karibu, mafundi nguo wakiwemo, na kipato chao kilipanda kwa takriban theluthi moja kikilinganishwa na cha wale ambao hawakupewa. Ni dawa chache sana za mgonjwa wa nje zinazoweza kujivunia matokeo hayo. Hata hivyo miwani hiyo haipatikani kwa urahisi katika vituo vya afya vya mitaani, na fundi huinunua kwa mchuuzi wa stendi kwa kubahatisha, au huacha kazi ya kudarizi na kuanza kushona mifuko. Zahanati yenye uwezo wa kupima malaria kwa dakika 15 ina uwezo wa kumpa mtu kadi ya herufi ndogo aisome.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanamtwisha fundi mzigo wa umaskini wake mwenyewe: chumba ni kidogo, dirisha hakuna, na sasa anaambiwa ahesabu sindano. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi hupita viwandani kwanza. Fundi mwenye cherehani moja barazani hana mwajiri wa kushtakiwa wala chama cha kumsemea. Dirisha ni la mwenye fremu. Anayejenga vyumba vya kupangisha vyenye mlango mmoja na ukuta tatu zisizo na tundu, kisha akakubali vikapangwa na mtu wa pasi ya mkaa, anajua anachopangisha. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi inaweza kudai matofali ya matundu juu ya ukuta wa nyuma, na gharama yake haizidi kodi ya mwezi. Kumdai fundi hilo ni uonevu. Lakini kuzikusanya sindano, kuihamisha chupa na kuligeuza meza la pasi havimsubiri mwenye nyumba, na kumwambia fundi asubiri mpaka haki zote zitimie ni kumwacha mtoto wake na chupa ileile.

Mteja naye asijitoe. Robo ya chumba cha fundi wa kawaida imejaa nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua, wengine tangu harusi iliyokwisha kuzaa watoto. Nguo hizo hurundikwa mahali popote, na kwa kuwa hazitazamwi ndizo huishia karibu na waya wa umeme au juu ya pasi. Fundi aandike tarehe kwenye kila mfuko, na mteja akimbushwa aje. Na mteja anayefika wiki ya mwisho ya Desemba na kitambaa cha sare, akitaka nguo mbili kabla shule hazijafunguliwa Januari, ajue kwamba kwa haraka hiyo hesabu ya jioni itarukwa, mlango utaegeshwa, na mtoto atalazwa popote palipobaki. Wiki hizo ndizo vyumba vya cherehani huwa katika hali mbaya kuliko zote za mwaka.

Kwa mtumishi wa kituo, basi, mazungumzo yanaweza kuwa mafupi kama haya:

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Kazi yako?"

"Fundi cherehani."

"Unashonea wapi?"

"Fremu, pale jirani na stendi."

"Ina dirisha?"

"Haina."

"Pasi yako ni ya umeme au ya mkaa? Unaipigia wapi?"

"Ya mkaa. Ndani, mvua ikinyesha."

"Na huyu mtoto hulala wapi unaposhona?"

Mama hufikiri kidogo kabla ya kujibu hilo la mwisho. Mtumishi asimkatize, wala asianze kuandika dawa.